Halali kwa jimbo, haramu kwa serikali kuu: kodi ya bangi Marekani

Tarehe 16 Septemba 2015 jimbo la Colorado lilifuta kodi zake maalumu za bangi kwa siku moja. Kodi ya mauzo ya asilimia 10 ilishushwa hadi sifuri, na ushuru wa asilimia 15 unaotozwa bangi inapotoka shambani kwenda dukani nao ukawa sifuri. Kesho yake viwango vikarudi palepale. Haikuwa sikukuu wala ofa ya wenye maduka. Katiba ya Colorado ina kifungu cha mwaka 1992 kinachoibana serikali: ukitaka kodi mpya, uwaambie wapiga kura unatarajia mapato kiasi gani, na ukikosea hesabu kwa kukadiria chini, kodi ishushwe na ziada irudishwe. Uchumi ulikwenda vizuri kuliko ilivyokadiriwa, mapato ya jumla ya jimbo yakavuka makadirio, na bangi ikapata msamaha wa saa 24. Novemba mwaka huohuo jimbo likarudi kwa wananchi kuwaomba ruhusa ya kubaki na dola milioni 66 zilizokwisha kukusanywa. Wakakubali.

Huku kwetu mtu akisikia "Marekani wamehalalisha bangi" anaona jambo limekwisha: wamepiga kura, wamefungua maduka, wanakusanya fedha. Ukweli ni kwamba Marekani haijahalalisha bangi. Majimbo 24 pamoja na mji mkuu, Washington, D.C., yameacha kumwadhibu mtu wa miaka 21 na kuendelea anayeitumia, na karibu yote yameanza kuitoza kodi. Sheria ya nchi nzima bado inasema ni haramu. Vioja vingi vya kodi hizi vinazaliwa kwenye pengo hilo.

Jimbo linaruhusuje kilichokatazwa na nchi?

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1970 iliiweka bangi kwenye jedwali la kwanza, kundi moja na heroini: vitu vinavyohesabiwa kuwa havina matumizi ya tiba yanayokubalika na ni rahisi mtu kuvizoea vibaya. Kokeini iko jedwali la pili, ngazi moja chini ya bangi kwa ukali. Jipangie mwenyewe mantiki yake.

Lakini Marekani ni shirikisho. Bunge la nchi lina mamlaka ya kukataza kitu, ila haliwezi kulilazimisha jimbo kuandika katazo hilohilo kwenye vitabu vyake, wala kuwaamuru polisi wa jimbo wakamate watu kwa niaba yake. Mahakama ya Juu imelisema hilo zaidi ya mara moja. Na kazi ya kukamata watu wa misokoto miwili mitatu mitaani hufanywa na polisi wa miji, kaunti na majimbo; askari wa serikali kuu ni wachache na wana kesi kubwa zaidi. Kwa hiyo wananchi wa Colorado na wa jimbo la Washington (lile la Seattle) walipopiga kura Novemba 2012, hawakuifuta sheria ya nchi. Walifuta kosa kwenye sheria zao wenyewe. Katazo la nchi likabaki, bila mikono ya kulitekeleza.

Meno lakini linayo. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali kuu ina haki ya kumbana hata mgonjwa wa California anayepanda bangi nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, japo wananchi wa jimbo hilo walikwisha kuiruhusu kama tiba tangu 1996. Ndiyo maana wenye maduka walipumua Agosti 2013, Wizara ya Sheria ya utawala wa Obama ilipowaandikia waendesha mashtaka waraka: jimbo likidhibiti vizuri, watoto wasiuziwe, magenge yasinufaike, mzigo usivuke kwenda jimbo jingine, basi achaneni nalo. Januari 2018 waziri wa sheria wa wakati huo, Jeff Sessions, akaufuta waraka huo. Wawekezaji wakashika roho mkononi, na halikutokea kubwa. Biashara ya mabilioni ilijengwa juu ya waraka, na waraka ulipoondolewa ikaendelea kusimama kwa mazoea.

Mahali pengi njia ilikuwa kura ya wananchi, kwa sababu wanasiasa wengi waliogopa kuligusa jambo lenyewe. Sahihi zinakusanywa, swali linaingia kwenye karatasi ya kura, watu wanaamua. Vermont ilikuwa ya kwanza kuruhusu kupitia bunge, mwaka 2018, na Illinois ikafuata 2019 kwa sheria iliyoruhusu na kupanga biashara yenyewe. Njia ya kura nayo ina mitego. Florida mwaka 2024 asilimia 56 hivi walisema ndiyo, na pendekezo likaanguka, kwa sababu mabadiliko ya katiba kule yanahitaji asilimia 60. South Dakota walipitisha mwaka 2020, kisha mahakama ikabatilisha. Ohio walikataa mwaka 2015, na naona walikuwa na haki: pendekezo lile lingewapa wachache waliogharamia kampeni mashamba kumi pekee ya biashara katika jimbo zima. Lilipokuja jingine lisilo na ulafi huo mwaka 2023, likapita.

Mji mkuu wenyewe ndiyo kichekesho. Wakazi wa D.C. waliruhusu kumiliki na kupeana bangi mwaka 2014, lakini Bunge la nchi, ambalo lina sauti juu ya bajeti ya mji huo, likauzuia kutumia hata senti moja kuandaa sheria ya mauzo. Matokeo yake ni kwamba mtu anauziwa fulana au stika kwa bei ya ajabu, halafu "anazawadiwa" bangi. Bangi ipo, wateja wapo, na ushuru wa bangi wa rejareja haupo.

Unatoza nini hasa?

Hapa ndipo wataalamu wa kodi wanapokuna vichwa. Njia ni tatu: bei, uzito, au ukali.

Kutoza kwa bei ni rahisi kusimamia. Colorado inamtoza mnunuzi asilimia 15 tangu 2017, na jimbo la Washington asilimia 37, kiwango ambacho kwa miaka mingi kimekuwa miongoni mwa vya juu kabisa nchini. Ubaya wake ni kwamba bangi si almasi. Ni mmea. Ukishaacha kuwafunga wanaoupanda, wanaupanda kwa wingi, bei inaporomoka, na asilimia 15 ya kitu cha bei ya chini ni fedha kidogo. Colorado ilikusanya zaidi ya dola milioni 420 mwaka 2021, watu wakiwa bado wamejifungia na hundi za serikali za msaada wa corona; mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 280.

Kutoza kwa uzito kunaipa serikali mapato yasiyoyumba, na kunamuumiza mkulima bei ikianguka. California walijifunza hilo kwa machungu. Mauzo ya bangi ya starehe, isiyo ya tiba, yalipoanza Januari 2018, mkulima alitozwa dola 9.25 kwa kila wakia moja ya bangi kavu, na kufikia 2022 kiasi hicho kilikuwa kimepanda na mfumuko wa bei hadi dola 10.08. Ratili moja ina wakia 16. Fanya hesabu, ni zaidi ya dola 160 kwa ratili. Bei ya jumla ilipokuwa zaidi ya dola elfu moja kwa ratili, hilo lilivumilika. Iliposhuka hadi dola mia kadhaa, wakulima wadogo wa kaskazini mwa jimbo, waliokuwa wakilima tangu enzi za kujificha na helikopta za polisi, wakajikuta wanalima kwa ajili ya kodi. Kodi hiyo ilifutwa Julai 2022.

Ya tatu, ukali, ndiyo inayovutia zaidi kwa mtu wa afya ya jamii: toza kile kinacholevya. Illinois inatoza asilimia 10 kwa bangi yenye THC (kemikali inayolevya) hadi asilimia 35, asilimia 25 kwa inayozidi hapo, na asilimia 20 kwa peremende, biskuti na vinywaji. New York ilikwenda mbali zaidi ikatoza kwa miligramu ya THC: nusu senti kwa bangi ya kuvuta, senti 0.8 kwa mafuta yaliyokolezwa, senti tatu kwa vyakula. Kwenye karatasi ni mfumo mzuri sana. Dukani, kodi inategemea kipimo cha maabara, na maabara inalipwa na yule anayepimiwa. Wahasibu nao walilia kwamba kila kifurushi kina hesabu yake. Mwaka 2024 jimbo likaachana na miligramu na kuweka asilimia 9 ya bei ya jumla, juu ya asilimia 13 anayolipa mnunuzi.

Mpinzani asiyelipa kodi

Bia na sigara zina wauzaji wa magendo, lakini wengi wetu tunanunua dukani. Bangi ilianza upande wa pili: mteja tayari ana mtu wake, namba ya simu anayo, na huyo mtu hana kodi ya pango, hana maabara, hana leseni. Kazi ya kwanza ya jimbo ni kumshawishi mteja ahame. Kila senti ya kodi inamrudisha alikotoka.

Wakenya wanaijua hesabu hii kupitia Senator Keg, bia iliyoondolewa ushuru mwaka 2004 ili kuwatoa watu kwenye chang'aa. Ushuru ulipowekwa mwaka 2013 mauzo yakaanguka vibaya, na miaka miwili baadaye serikali ikalegeza.

California ndiyo mfano mzito. Chukua bangi ya dola 40 mjini Los Angeles. Mji unadai asilimia 10, jimbo asilimia 15, halafu kuna kodi ya kawaida ya mauzo ya zaidi ya asilimia 9, na kodi moja hupandishwa juu ya nyingine. Mteja akibebeshwa zote anatoka na risiti ya karibu dola 55. Tena zaidi ya nusu ya miji na kaunti za California zimekataa maduka ya rejareja kwenye maeneo yao, kwa hiyo huenda akaendesha gari nusu saa ili akalipe hizo 55. Yule wa namba ya simu anamletea mlangoni kwa 30.

Julai 2025 ushuru wa California ulipanda hadi asilimia 19, kufidia ile kodi ya wakia iliyofutwa. Wenye maduka wakapiga kelele, Gavana Gavin Newsom akasaini sheria, na tarehe 1 Oktoba 2025 ukarudi 15. Wakati huohuo Michigan, ambayo ushuru wake wa asilimia 10 ulikuwa umesaidia kuifanya moja ya masoko makubwa na ya bei nafuu kabisa, ikapitisha kodi mpya ya asilimia 24 kwenye bei ya jumla kuanzia Januari 2026, fedha ziende kwenye barabara. Jimbo moja linashusha kwa sababu limeona maduka yanakufa, jingine linapandisha kwa sababu limeona bado yanapumua.

New York kikwazo kikubwa hakikuwa kodi, ilikuwa kuchelewa. Sheria ilisainiwa Machi 2021. Duka la kwanza lenye leseni lilifunguliwa Manhattan mwisho wa Desemba 2022. Leseni za mwanzo walitengewa watu waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya bangi na familia zao, jambo la haki kabisa, ila kesi mahakamani na ukosefu wa mitaji vikazikwamisha. Soko halikusubiri. Maduka yasiyo na leseni yalifunguliwa kila kona, na taa za rangi dirishani, bila kulipa ushuru wa bangi hata kidogo. Hadi 2024 ndipo mji ulipopata meno ya kuyafunga kwa makufuli.

Kifungu 280E

Mwaka 1981 mahakama ya kodi ya Marekani ilimkubalia muuza dawa za kulevya mmoja wa Minneapolis kukata gharama za biashara yake kwenye kodi ya mapato: mizani, simu, pango, mwendo wa gari. Bunge likafoka, na mwaka 1982 likapitisha kifungu cha 280E: anayefanya biashara ya vitu vya jedwali la kwanza au la pili haruhusiwi kukata gharama za uendeshaji. Kililenga magenge. Leo kinawapata wenye maduka yenye leseni, kaunta za kioo na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi.

Tuseme duka limeuza mzigo wa dola 1,000,000, na kuununua mzigo wenyewe kulikula 600,000. Hiyo wanaruhusiwa kuitoa. Inabaki 400,000. Mishahara, pango, umeme na walinzi vinakula 350,000. Faida halisi ni 50,000, na duka la viatu lingelipa asilimia 21 ya hizo, yaani 10,500. Duka la bangi linatozwa asilimia 21 ya zile 400,000: dola 84,000. Lilipata faida ya 50,000, limemaliza mwaka na hasara ya 34,000.

Ndiyo, serikali inayoliita duka hilo genge la uhalifu ndiyo inayolipelekea hati ya kodi. Si jambo geni; Mahakama ya Juu ilikwisha kusema mwaka 1927 kwamba kipato cha haramu nacho kinatozwa kodi, na jambazi Al Capone alifungwa kwa kutolipa. Geni ni kwamba mapato ya jimbo na ya nchi yanatoka kwenye mfuko mmoja, na mkono wa nchi unachota kwanza.

Benki nazo zinaogopa sheria za utakatishaji fedha, na kampuni kubwa za kadi hazitaki kuhusishwa. Zipo benki ndogo zinazokubali, kwa ada nene. Miaka ya mwanzo ilikuwa kawaida mwenye duka kubeba mabegi ya noti kwenda ofisi ya kodi akiwa na mlinzi mwenye bunduki. Muswada wa kuzilinda benki umepita Baraza la Wawakilishi mara kadhaa na kukwama Seneti.

Fedha zinakwenda wapi

Colorado waliwauzia wananchi wazo hili kwa shule: dola milioni 40 za kwanza za ule ushuru wa asilimia 15 zilitengewa ujenzi wa madarasa. Zilijenga kweli. Ila ni kidogo kwenye bajeti ya jimbo inayohesabiwa kwa makumi ya mabilioni, na walimu walichoka kuulizwa kwa nini wanalalamikia mishahara ilhali "bangi inalipa". New York inagawa asilimia 40 kwa elimu, 40 kwa mitaa iliyoumizwa zaidi na msako wa zamani, na 20 kwa tiba na elimu ya dawa za kulevya. Mji wa Evanston, kaskazini mwa Chicago, ulichukua kodi yake ya asilimia 3 na kuitumia kuwafidia wakazi weusi walioathirika na ubaguzi wa makazi. Mafungu ya kwanza yalikuwa dola 25,000 kwa mtu, za kununua au kukarabati nyumba. Uhusiano na bangi upo: utafiti wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, wa mwaka 2013 ulionyesha Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi ya mweupe kukamatwa kwa kuwa na bangi, ingawa wanaitumia kwa viwango vinavyokaribiana.

Kwa hiyo Profesa George Wajackoyah, akigombea urais, alipowaahidi Wakenya mwaka 2022 kwamba bangi ingelipa deni la taifa (pamoja na korodani za fisi, tusisahau), alikuwa anauza toleo la jumla la ahadi ambayo Colorado waliitoa kwa rejareja. Majimbo yamepata fedha za shule kadhaa, kliniki kadhaa. Hakuna lililofuta kodi nyingine kwa sababu ya bangi.

Kwa ndugu walioko huko

Maine, Minnesota, Ohio na Washington zote zimeruhusu, na zote zina jamaa zetu wengi kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Somalia. Hapa pengo kati ya jimbo na nchi si jambo la wanasheria tu. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu. Mwongozo wa idara ya uraia na uhamiaji wa Aprili 2019 unasema wazi kwamba kujihusisha na bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kumwangusha mwombaji wa uraia kwenye kipengele cha mwenendo mwema. Na kujihusisha si kuvuta tu. Kazi ya kufungasha peremende kwenye kiwanda chenye leseni, unalipwa kwa hundi, unakatwa kodi ya mapato, nayo imetajwa. Asiye raia anayekiri mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba alivuta bangi ya duka lenye leseni anaweza kujifungulia matatizo, hata kama hajawahi kushtakiwa. Anayefikiria kazi hizo amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini mkataba.

Jedwali la tatu, kisha mipaka

Mwaka 2022 Rais Biden aliagiza nafasi ya bangi ipitiwe upya, 2024 Wizara ya Sheria ikapendekeza ishushwe hadi jedwali la tatu, na Desemba 2025 Rais Trump akasaini amri ya kuuharakisha mchakato huo. Bangi ikishafika huko, 280E haitayagusa tena maduka, kwa sababu kinataja jedwali la kwanza na la pili tu, na kwa maduka mengi hiyo ni nafuu kuliko punguzo lolote la jimbo. Lakini jedwali la tatu ni la dawa za kuandikiwa na daktari na kupitishwa na mamlaka ya dawa. Duka la starehe litabaki kinyume cha sheria ya nchi.

Kitakachotikisa zaidi ni siku bangi itakaporuhusiwa kuvuka mipaka. Sasa hivi kila jimbo ni kisiwa: kinachouzwa Illinois lazima kiwe kimelimwa Illinois, mara nyingi ndani ya jengo, chini ya taa, kwa gharama kubwa, huku Oregon yenye hali ya hewa nzuri ikikaa na bangi isiyo na mnunuzi. Oregon ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kujiandaa kuuza nje, California ikafuata 2022, zote zikisubiri ruhusa ya serikali kuu. Mkulima akiweza kukaa popote, jimbo linalotegemea kodi ya shambani litaachiwa majengo matupu. Linalomtoza mnunuzi kaunta litabaki na chake.

Wateja tayari wanavuka, bila kusubiri mtu. Maduka ya Illinois yamepangana karibu na mipaka ya Indiana na Wisconsin, majimbo ambayo hayajaruhusu, na kodi ya wanunuzi hao inabaki Illinois. Gavana wa Wisconsin, Tony Evers, ameliweka pendekezo la kuhalalisha na kutoza kodi kwenye bajeti zake za 2021, 2023 na 2025. Bunge la jimbo lake limelikata mara zote tatu.